Andrea Aliyewaleta Wayunani: Historia na Utume wa Usharika wa Mtakatifu Andrea, Nairobi

Utangulizi



Sura zilizotangulia zimeeleza safari ya usharika wetu wenyewe kwa muda wa miaka mia moja. Kamati ya Jubilei imeona vema kwamba tusijitazame wenyewe tu, bali tumtazame pia jirani ambaye ameipita miaka mia kabla yetu, ili tuone alivyotembea, alipojikwaa na alipoinuliwa. Jirani niliyemchagua ni usharika wa Mtakatifu Andrea, au St Andrew's, wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, ulioko katikati ya jiji la Nairobi, kando ya barabara yenye jina la Mwalimu Nyerere, karibu na Chuo Kikuu.

Huenda msomaji Mlutheri akauliza: kwa nini Wapresbiteri? Sababu ya kwanza ni deni. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani katika nchi yetu, Waskoti wa misheni ya Livingstonia, iliyokuwa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walivuka mpaka wakavitunza vituo vya Waberlin na Wamoravian katika Nyanda za Juu Kusini, mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Wakristo wenyeji ndio waliobeba mzigo mkubwa wa kazi ile, na historia yetu inawataja kwa heshima. Hata hivyo Wapresbiteri walilisha kundi ambalo si wao waliolikusanya, na neno hilo halifai kusahaulika katika kitabu cha shukrani.

Sababu ya pili ni swali. Usharika wa Mtakatifu Andrea ulianzishwa kwa ajili ya watu wa taifa moja, nao ukawa nyumba ya watu wa mataifa na makabila mengi. Ilikuwaje? Je, mabadiliko hayo yalikuja yenyewe kwa kupita kwa wakati, au yalikuwa na gharama? Swali hilo linatuhusu sisi pia, maana kila usharika wa mjini leo una watu waliotoka pande zote za nchi, na kuwa na watu wa namna nyingi ndani ya jengo moja si lazima iwe na maana ya kuwa na kanisa moja.

Waskoti wafika Kibwezi na Thogoto

Misheni ya Waskoti katika Kenya ilianza mwaka 1891. Sir William Mackinnon na wenzake wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki walitoa fedha, naye Dkt. James Stewart, aliyekuwa amefanya kazi Lovedale huko Afrika Kusini, akaongoza kundi la kwanza hadi Kibwezi, katika nchi ya Wakamba. Mahali pale palikuwa na homa kali na vifo vikawa vingi. Mwaka 1898 Thomas Watson aliihamishia misheni nyanda za juu, katika nchi ya Wakikuyu.

Walifika wakati wa dhiki. Miaka ile ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa miaka ya njaa na ndui, na watu wengi walikufa. Watson mwenyewe alifariki mwaka 1900. Mjane wake, Minnie Watson, hakurudi kwao. Aliendelea na kazi ya kuwatunza na kuwafundisha watoto, naye akadumu katika misheni hiyo hadi mwaka 1931. Ikumbukwe basi kwamba katika msingi wa kanisa hili yumo mwanamke mjane, wamo na watoto waliookolewa na njaa.

Mwaka 1901 Kanisa la Scotland liliipokea misheni hiyo rasmi, na Dkt. David Clement Scott akaja kuiongoza kutoka Blantyre. Wenyeji waliwaita wageni hao kwa jinsi masikio yao yalivyolisikia neno "Scot", na ndipo mahali pale pakaitwa Thogoto hadi leo. Hapo palijengwa shule na hospitali. Hapo kijana mmoja aliyeitwa Kamau aliingia shule mwaka 1909 na kubatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Ulimwengu ulimjua baadaye kama Jomo Kenyatta. Hapo pia lilijengwa Kanisa la Mwenge, lililokamilika mwaka 1933.

Vita vilipofika, Dkt. John Arthur, tabibu aliyekuwa mkuu wa misheni, aliwaongoza vijana wa misheni mwaka 1917 kwenda kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika nchi hii yetu, iliyokuwa bado Afrika Mashariki ya Kijerumani. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yanatukumbusha wapagazi wale, ambao wengi wao hawakurudi makwao. Hivyo vijana wa Kipresbiteri walibeba mizigo katika njia zetu wakati ambapo baba zetu Walutheri walibebeshwa mizigo ya upande wa pili.

Kanisa moja, njia mbili

Reli ya Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na kambi ya reli ikageuka kuwa mji kwa haraka. Walikuja maofisa, wafanyabiashara na walowezi, na miongoni mwao Waskoti hawakuwa wachache. Mwaka 1908 Waskoti hao wakaanzisha usharika wao, wakauita kwa jina la Mtakatifu Andrea.

Jina hilo lina maana yake. Andrea ndiye mtakatifu mlinzi wa nchi ya Scotland, na msalaba wake ndio uliomo katika bendera yao. Kwa watu waliokuwa mbali na nyumbani, jina hilo lilikuwa kumbukumbu ya kwao: lugha yao, zaburi zao na utaratibu wa ibada waliolelewa nao. Hatuna haki ya kuwalaumu kwa kutaka kumwabudu Mungu kwa lugha ya mama zao. Hata sisi tukiwa ugenini twatafuta ibada ya kwetu.

Lakini tazameni jambo lililotokea. Thogoto na Nairobi hazikuwa mbali, na mama wa zote mbili alikuwa Kanisa la Scotland. Hata hivyo Mwafrika Mpresbiteri alikuwa tunda la misheni, naye Mzungu Mpresbiteri alikuwa mshirika wa usharika. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya kwenda kwa Mungu, na njia hizo mbili hazikukutana isipokuwa kwa nadra.

Mji wenyewe ulikuwa umekwisha kuwagawa watu kabla hawajafika mlangoni pa kanisa. Wazungu walikaa upande wa magharibi, juu ya vilima. Waafrika walitengewa upande wa mashariki, kuanzia Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, nao walitembea na kipande shingoni. Wahindi nao walikuwa na mitaa yao. Katika mji wa namna hiyo halikuhitajika azimio lolote la kanisa kuwatenga watu. Ilitosha kanisa kunyamaza, na mji ukafanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Meza ya mwaka 1913 na jeraha la mwaka 1929

Kulikuwa na watu walioliona tatizo la utengano, ingawa kwanza waliliona kati ya madhehebu. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana Kikuyu, katika kituo cha Waskoti, kutafuta shirikisho la makanisa. Mwisho wa mkutano, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Chakula cha Bwana ndani ya kanisa la Kipresbiteri, na watu wa madhehebu hayo wakashiriki pamoja. Habari ilipofika Unguja, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki Askofu Peel na Askofu Willis wa Uganda mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury kwa kosa la uzushi na mafarakano. Ibada ya jioni moja katika kijiji cha Kikuyu ikawa gumzo la makanisa ya Uingereza nzima.

Kanisa moja halikupatikana. Hata hivyo mwaka 1918 misheni hizo ziliunda ushirikiano, na matunda yake ni pamoja na shule ya sekondari ya Alliance iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Tunaweza kumshukuru Mungu kwa hatua hiyo, huku tukitambua upungufu wake. Waliokuwa wakijadili umoja mwaka 1913 walikuwa wamisionari. Waafrika waliobatizwa, ambao kanisa lilikuwa lao, hawakuwa na sauti katika mashauri yale.

Mwaka uo huo wa 1926 Wapresbiteri wa Kenya walipata wachungaji wao wa kwanza Waafrika, wakiwamo Musa Gitau na Benjamin Githieya. Lakini miaka mitatu baadaye lilikuja jeraha kubwa. Misheni, chini ya Dkt. Arthur, iliwataka waumini na walimu waweke ahadi ya kuukataa ukeketaji wa wasichana na kujitenga na chama cha Kikuyu Central Association. Leo makanisa yetu yanaukemea ukeketaji bila kusita, na yanafanya vema. Lakini namna jambo lile lilivyoletwa, kwa amri kutoka juu na kwa kulifungamanisha na siasa, liliwafanya watu wengi waone kwamba wanaambiwa wachague kati ya Kristo na watu wao. Wengi waliondoka, wakaanzisha shule na makanisa yao ya kujitegemea. Waliobaki walibaki wakiwa wachache na wenye huzuni. Huo ni ushuhuda kwamba hata neno la haki hujeruhi likisemwa na mtu ambaye hajaketi kwanza pamoja na wale anaowaambia.

Muungano wa mwaka 1956

Mwaka 1943 wapresbiteri Waafrika walipata kanisa lenye sinodi yake, likaitwa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki. Katikati ya miaka hiyo ya 1940 kanisa la Gospel Missionary Society la Kambui na Ng'enda lilijiunga nalo. Sharika za Wazungu, ukiwamo wa Mtakatifu Andrea, zilibaki nje ya sinodi hiyo, zikiwa chini ya Kanisa la Scotland moja kwa moja. Palikuwa na Wapresbiteri wa aina mbili katika mji mmoja, kila kundi na mabaraza yake.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Ndugu msomaji, hapa ndipo moyo wa historia hii ulipo. Vita vya Mau Mau vilipita katikati ya nyumba za Wapresbiteri. Wako waumini waliouawa kwa sababu walikataa kula kiapo, na usharika wa Bahati, upande wa mashariki wa Nairobi, unabeba jina la Wafia Dini kwa kumbukumbu yao. Wako wengine waliofungwa katika kambi za serikali, wengine ambao mashamba na vijiji vyao vilichomwa, na wengine ambao mioyo yao ilikuwa pamoja na wapiganaji wa msituni. Mwezi Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa kizuizini. Wakati huohuo, katika viti vya St Andrew's waliketi watu waliokuwa na ndugu katika jeshi na katika serikali ile ile.

Mchungaji wa St Andrew's katika miaka hiyo alikuwa David Steel, Mskoti. Naye alitumia mimbari yake kukemea hadharani mabaya yaliyotendwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari. Wengi wa Wazungu wenzake hawakufurahi. Ni vigumu kuwaambia watu wa mbali juu ya dhambi zao, lakini ni vigumu zaidi kumwambia mtu aliye mbele yako, anayetoa sadaka katika usharika wako. Steel alirudi Scotland baadaye, na mwaka 1974 akachaguliwa kuwa moderata, yaani mwenyekiti, wa Baraza Kuu la Kanisa la Scotland. Mwanawe mwenye jina hilohilo alikuja kuwa kiongozi wa chama cha Liberal cha Uingereza.

Basi katika hali hiyo, wakati kambi za kizuizini zikiwa bado zimejaa, mwaka 1956 sinodi ya Waafrika na sharika za Wazungu ziliungana kuwa kanisa moja, lenye Baraza Kuu moja.

Sisi Walutheri, tulio na maaskofu, yafaa tuelewe uzito wa jambo hilo katika utaratibu wa Kipresbiteri. Kwao hakuna askofu. Usharika huongozwa na mchungaji pamoja na wazee waliochaguliwa na kuwekewa mikono. Sharika kadhaa huongozwa na presibiteri. Na juu ya presibiteri liko Baraza Kuu. Katika vikao hivyo mzee wa kanisa ana kura sawa na mchungaji, na kura ya mmoja ni sawa na kura ya mwingine. Maana yake ni kwamba kuanzia mwaka 1956 mzee Mkikuyu aliyehitaji kibali cha serikali kutoka kijijini mwake aliweza kuketi katika baraza moja na mzee Mskoti aliyekuwa ofisa au mfanyabiashara mkubwa, na kura zao zikahesabiwa pamoja. Katika Kenya ya mwaka ule hapakuwa na mahali pengi pa namna hiyo. Waafrika wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuingia Baraza la Kutunga Sheria la koloni walichaguliwa mwaka uliofuata, 1957. Kanisa lilitangulia.

Sitaki kuyapamba mambo. Kuungana kwa mabaraza hakukufanya watu wapendane siku ileile. Mitaa ya mji ilibaki ilivyokuwa, na watu waliendelea kusali mahali walipozoea. Lakini sheria ya nyumba ilikuwa imebadilika. Mzungu wa St Andrew's alikuwa sasa mshirika wa kanisa ambalo walio wengi ndani yake ni Waafrika, na mwaka 1961, miaka miwili kabla ya uhuru wa Kenya, kanisa hilo likapata moderata wake wa kwanza Mwafrika, Mchungaji Charles Kareri.

Jitegemea

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, walowezi wengi waliondoka, na nafasi zao katika viti vya St Andrew's zilichukuliwa na watu wa taifa jipya: watumishi wa serikali, walimu, wanafunzi wa Chuo Kikuu na familia changa zilizohamia mjini. Wageni kutoka nchi za nje nao waliendelea kuwapo.

Swali jipya lilikuwa la fedha. Kanisa lililozoea kupokea kutoka Edinburgh lingewezaje kusimama? Mchungaji John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza Mwafrika tangu mwaka 1964, alilipa kanisa neno moja la Kiswahili: Jitegemea. Ni neno ambalo sisi wa Tanzania tulilisikia wakati huohuo kutoka Azimio la Arusha la mwaka 1967. Wakristo walifundishwa kutoa, kila mzee akawa na eneo lake la kuhudumia na kuhimiza, na kanisa likajifunza kupanga kazi yake kwa kipimo cha sadaka yake. Makao makuu ya kanisa hilo jijini Nairobi yanaitwa Jumba la Jitegemea.

Gatu hakuishia hapo. Mwaka 1971, huko Milwaukee, Marekani, aliwaambia Wakristo wa nchi za magharibi kwamba ingefaa wamisionari na misaada ya fedha visitishwe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya Afrika yajitambue. Wazo hilo lilichukuliwa na Mkutano Mkuu wa Makanisa ya Afrika Yote huko Lusaka mwaka 1974, likazua ubishi mkubwa. Kwetu pia wako waliolikubali na wako waliolikataa. Jambo ninalotaka tulione ni uhusiano wake na umoja. Katika nyumba ambamo mmoja hutoa daima na mwingine hupokea daima, hao wawili hawajawa ndugu bado. Yule anayepokea hunyamaza pale anapotakiwa kusema, na yule anayetoa hudhani kwamba ukimya ule ni kukubali.

Katika roho hiyohiyo ya kuwapa wote nafasi, kanisa hilo lilimweka wakfu mwanamke wa kwanza kuwa mchungaji mwaka 1982, Nyambura Njoroge. Kwetu sisi, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mlango huo ulifunguka mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mimbari

Miaka thelathini baada ya Steel, mimbari ya St Andrew's ilisikika tena nchini kote. Mchungaji Dkt. Timothy Njoya alihubiri hapo mwaka 1986 akitaka wananchi waruhusiwe kuyajadili mambo ya nchi kwa uhuru, wakati ambapo chama kilikuwa kimoja na upigaji kura wa mlolongo ulikuwa ukianzishwa. Mwaka uliofuata alihamishwa kutoka Nairobi. Siku ya Mwaka Mpya wa 1990, katika kanisa hilohilo, aliyatazama mataifa ya Ulaya Mashariki ambayo tawala zake za chama kimoja zilikuwa zikianguka, akauliza kama Afrika nayo haitafika huko. Viongozi wa serikali walimshambulia kwa maneno makali. Lakini mwezi Desemba 1991 katiba ya Kenya ilirekebishwa na vyama vingi vikaruhusiwa.

Ndani ya kanisa lenyewe watu hawakuwa na nia moja juu ya Njoya. Wako walioona kwamba mchungaji ameacha Injili na kushika siasa, na wako waliomwona kuwa nabii. Usharika wenye watu wa aina nyingi una jambo hili: katika viti vyake waweza kuketi waziri na mtu aliyefungwa na waziri yule. Mchungaji wa usharika wa namna hiyo hawezi kumpendeza kila mtu. Steel aliwahubiria Wazungu juu ya mateso ya Waafrika. Njoya aliwahubiria Waafrika juu ya mateso ambayo Waafrika wanawatendea Waafrika. Mimbari ilikuwa moja, na mzigo ulikuwa mmoja.

Mwaka wa Jubilei yao

Usharika wa Mtakatifu Andrea ulitimiza miaka mia mwaka 2008. Mungu, katika hekima yake, aliwapa Jubilei katika mwaka wa machozi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliingia katika mapigano ya kikabila. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Siku ya kwanza ya Januari watu waliokimbilia kanisani huko Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa kwa moto wakiwa ndani. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari, kwa upatanishi wa Kofi Annan.

Katika mwezi uo huo Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya, ambalo Wapresbiteri ni wanachama wake, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande, kila mmoja kufuatana na watu wake, na likaomba radhi. Hilo lilikuwa neno zito kwa kanisa ambalo waumini wake wengi, tangu siku za Thogoto na Tumutumu, wametoka katika watu wa kandokando ya Mlima Kenya. Ukuta wa rangi waliuvunja mwaka 1956. Baada ya miaka hamsini waliuona ukuta mwingine, wa kabila, nao ulikuwa umejengwa na mikono ya wenyeji. Hapo tunajifunza kwamba kazi ya umoja haimalizwi na kizazi kimoja. Kila kizazi hukabidhiwa ukuta wake.

Mafunzo kwa usharika wetu

Tusiwatazame Wakenya kama Farisayo alivyomtazama mtoza ushuru. Sisi Walutheri wa Tanzania tulirithi mipaka ya misheni: Waleipzig Kilimanjaro, Wabethel Usambara na Bukoba, Waberlin Kusini. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mipaka ya dayosisi zetu bado kwa sehemu kubwa inafuata njia za wamisionari wale, na kwa hiyo inafuata pia mipaka ya makabila. Tena katika miaka ya 1960 Walutheri, Waanglikana, Wamethodisti, Wamoravian na Wapresbiteri wa Afrika Mashariki walijadiliana juu ya kuwa kanisa moja, na mazungumzo yale yakaisha bila kuzaa muungano.

Kutokana na historia ya jirani yetu napendekeza tujipime katika mambo manne.

Kwanza, baraza. Umoja wa Wapresbiteri ulianza kuwa wa kweli pale kura zilipohesabiwa pamoja. Je, katika Baraza letu la Wazee wamo watu waliohamia hapa kutoka mikoa mingine? Wamo vijana, wanawake, mafundi, wafanyakazi wa majumbani? Au hao tunawaona kwenye kwaya na kwenye usafi wa kanisa tu?

Pili, meza. Tusiruhusu kabila au cheo kuamua nani anaketi karibu na nani katika Chakula cha Bwana, wala katika karamu zetu za Jubilei hii.

Tatu, mfuko. Usharika unaotegemea matajiri watatu hauko huru kumwambia ukweli hata mmoja wao. Sadaka ndogo ya wengi ni ulinzi wa mimbari.

Nne, mimbari yenyewe. Tuwaombee na kuwalinda wachungaji watakaokuja baada yetu, ili waweze kusema neno la Mungu kwa watu wanaowapenda, hata pale neno hilo litakapouma.

Hitimisho

Waskoti wa mwaka 1908 walilichagua jina la Andrea kwa sababu ya nchi yao. Lakini Andrea wa Injili ya Yohana ni mtu mwenye kazi nyingine. Katika sura ya kwanza anamtafuta ndugu yake Simoni na kumpeleka kwa Yesu. Katika sura ya kumi na mbili wanakuja Wayunani, watu wa lugha nyingine, wanaotaka kumwona Yesu. Filipo anapata shida juu yao, anakwenda kumwambia Andrea, na pamoja wanampelekea Bwana habari yao. Andrea aliyeanza na ndugu wa damu alifika hadi kwa wageni. Usharika uliobeba jina lake ulichukua karibu nusu karne kutoka sura ya kwanza hadi sura ya kumi na mbili, na bado unatembea.

Nasi, tunapoingia miaka mia ya pili, tuna ndugu zetu ambao tumekwisha kuwaleta. Wayunani wetu nao wako karibu: mpangaji wa nyumba ya pili ambaye lugha yake hatuijui, mwanafunzi aliyetoka mbali, familia iliyokimbia vita katika nchi jirani. Swali lao ni lilelile waliloliuliza wale wa siku za sikukuu, na Mungu atupe neema ili wakilileta mlangoni petu wamkute mtu wa kuwapeleka kwa Bwana.